Kay Nielsen alichora vitabu vya ngano, majukwaa na Fantasia. Kwa nini alikufa fukara?

#1 MzeeWaBurashi

Salaam wakuu.

Kuna mtu namfikiria siku nyingi, leo nimeona nimlete hapa tumjadili. Kay Nielsen, Mdenmark, mzaliwa wa Copenhagen 1886. Alichora vitabu vya ngano jijini London, akasanifu mandhari ya jukwaa kwenye ukumbi wa kifalme wa kwao, kisha akaenda Hollywood na kuchora kwa ajili ya Fantasia, filamu ya katuni ya Walt Disney. Yule shetani mwenye mbawa anayefunguka juu ya kilele cha mlima usiku, mkono wa Nielsen upo pale. Leo ukiwa na kitabu chake cha toleo la kwanza chenye sahihi yake, umeshika bei ya kiwanja.

Mtu huyohuyo alifariki Los Angeles tarehe 21 Juni 1957 akiwa hana kitu. Mkewe Ulla akamfuata 1958. Kabla hajafa, mama yule alimkabidhi rafiki yao michoro yote iliyobaki ndani. Rafiki akaitembeza kwenye majumba ya makumbusho, ya Marekani na ya Denmark. Wote walikataa. Na hakuwa anauza, alikuwa anawapa.

Msimamo wangu: jukwaa ndilo lililommaliza. Alikuwa mfalme wa vitabu, akaacha vitabu akaenda kuchora mapazia ambayo msimu ukiisha yanakunjwa na kutupwa stoo. Angetulia na wachapishaji wake wa London asingeishia vile. Karibuni.

#2 Dogo Tandika

Nimeshavuta kiti. Ila huyu mama inaonekana alikuwa na kipaji hatari.

#3 Binti Pangani

Dogo, Kay ni mwanaume.

Mama aliyekuwa na jina kubwa ni mzazi wake, Oda Nielsen, mwigizaji ambaye Copenhagen nzima ilimfahamu. Baba yake, Martinius Nielsen, naye alikuwa mtu wa tamthilia na aliwahi kuwa mkurugenzi wa ukumbi wa tamthilia wa Dagmarteatret. Yaani kijana amelelewa nyuma ya pazia. Sasa mleta uzi anaposema jukwaa lilimpoteza namshangaa. Jukwaa ndiko nyumbani kwao. Vitabu ndiyo ilikuwa safari.

Chukua kitabu cha 1914, Mashariki ya Jua na Magharibi ya Mwezi, zile ngano za Norway walizokusanya Asbjørnsen na Moe. Tazama watu wake wanavyosimama. Binti mmoja mwembamba anawekwa chini kabisa pembeni, halafu juu yake kuna anga tupu, au miti mirefu inayopanda mpaka inatoka nje ya fremu. Mchoraji wa kawaida wa vitabu angejaza nafasi yote. Yule anaacha uwazi wa mwigizaji kutembea, na anajua taa itatokea upande gani. Kwangu mimi zile ni seti za tamthilia zilizochapwa kwenye karatasi.

#4 Chapisho Kamili

Hamjambo. Mie ni mtu wa uchapaji, nipo Nairobi miaka mingi, kwa hiyo nitaongea ya kwangu.

Mzee, Nielsen hakuacha vitabu. Vitabu vilimwacha yeye. Hiyo biashara ilikuwa hivi: kila Krismasi wachapishaji wa London walitoa vitabu vikubwa vya zawadi, jalada limepigwa dhahabu, picha za rangi zimechapwa kwenye karatasi laini peke yake halafu zinabandikwa moja moja kwa mkono ndani ya kitabu, juu yake karatasi nyembamba ya kuzilinda. Mchoraji Arthur Rackham ndiye aliyewasha moto huo 1905. Mchoraji mwenzake Edmund Dulac akafuata 1907 na hadithi za Alfu Lela u Lela. Nielsen anaingia 1913 na In Powder and Crinoline, na 1914 na hicho cha Norway, chenye picha 25 za rangi.

Angalieni hiyo tarehe basi. 1914. Vita Kuu imeanza Agosti. Karatasi ikawa ya kubahatisha, mafundi wakaenda vitani, na mzazi aliyekuwa ananunua kitabu cha dhahabu kwa ajili ya mwanawe sasa ana kaka kwenye mahandaki ya Ufaransa. Nielsen alifika sokoni wakati wenye duka wanafunga milango. Rackham na Dulac walikuwa wameshavuna karibu miaka kumi. Yeye alivuna miwili.

Tena vitabu vyake vilikuwa na gharama ya ziada. Wengi wakati huo walichapa kwa rangi tatu: njano, nyekundu na buluu. Vya Nielsen vilichapwa kwa rangi nne. Pleti moja zaidi, mzunguko mmoja zaidi kwenye mashine, na kila mzunguko rangi lazima zikae juu ya mwenzake bila kuteleza hata unywele. Ila ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli, na zile nguo zenye maua madogo madogo hazikuvurugika.

#5 MzeeWaBurashi

Chapisho, asante, hiyo ya rangi nne wengi hawaijui. Lakini vita iliisha 1918. Rackham aliendelea na vitabu mpaka anafariki 1939. Kwa nini yeye aliweza?

#6 kibatari

Kwa sababu Rackham alishakuwa jina ndani ya kila nyumba Uingereza. Nielsen alikuwa mgeni, na aliondoka. 1917 alikuwa New York kwa maonyesho, akarudi zake Denmark. Mteja wa London akikukosa miaka mitatu anakusahau.

Mimi lakini naona sababu kubwa ni fasheni. Mnaongea utadhani watu walikosa pesa tu. Ladha ilibadilika! Nielsen alisoma Paris kuanzia 1904 hadi 1911, na huko alishikwa na Aubrey Beardsley, yule Mwingereza wa wino mweusi aliyekufa kijana 1898, akachanganya na michoro ya Wajapani. Mistari mirefu, mapambo, huzuni iliyopambwa. Baada ya watu kurudi vitani hawakutaka tena mabinti wembamba wanaolia msituni. Walitaka picha za mashine, jazi, nyumba zenye kona. Alikuwa stadi wa jambo ambalo kipindi chake kilikuwa kimekwisha.

#7 Binti Pangani

kibatari unamtendea isivyo haki. Huzuni ya Nielsen haikuwa pambo. Kabla hata ya kitabu chochote, kazi aliyoipeleka London 1912 ilikuwa mfululizo wa michoro kuhusu kifo, ya nyeupe na nyeusi: Pierrot, yule mchekeshaji mwenye huzuni wa michezo ya jukwaani, anampoteza mpenzi wake, na kifo chenyewe kinatembea humo kama mhusika. Hakuna mchapishaji aliyemtuma. Kijana wa miaka ishirini na kitu anakaa chumbani Paris anachora msiba wa mtu asiyekuwepo. Huyo hafuati fasheni.

#8 Mswahili wa Jutland

Salaam kutoka Denmark. Niongeze kuhusu hilo jukwaa maana mnalipita juu juu.

Aliporudi alishirikiana na Johannes Poulsen, mwigizaji na mwongozaji mkubwa wa Det Kongelige Teater, ukumbi uliopo uwanja wa Kongens Nytorv katikati ya Copenhagen. Kazi yao kubwa ilikuwa Aladdin, tamthilia ya Oehlenschläger ya 1805 ambayo Wadenmark wanaichukulia kama mali ya taifa. Ilipandishwa Februari 1919 na ilikuwa ndefu mno, wakaigawa kwa usiku mbili. Muziki ulitungwa na Carl Nielsen. Halafu 1922 wakaja na mchezo wa Scaramouche, muziki wa mtunzi Sibelius.

Sasa sikilizeni kisa cha Aladdin. Poulsen alitaka jukwaa liwe kubwa kupita jengo lenyewe. Akachukua shimo la wapiga muziki akaliunganisha na jukwaa, wapiga muziki akawabana chini ya ngazi kubwa ya kasri. Fikiria okestra nzima chini ya ngazi! Kisha mazoezi ya mwisho akaukata muziki na kupangua mfuatano wa ngoma. Carl Nielsen alikasirika akadai jina lake liondolewe kwenye mabango na kwenye programu. Onyesho lenyewe halikupita mara kumi na tano.

Kwa hiyo MzeeWaBurashi ana hoja kidogo. Mandhari yale yote, kasri, pango, soko, yaliishia hapo.

#9 Dogo Tandika

Kumbe walikuwa ndugu halafu wakagombana kazini. Familia hizi bwana.

#10 Mswahili wa Jutland

Dogo umeamka na ndugu zako leo. Hapana. Carl Nielsen mtunzi wa muziki anatoka vijijini kisiwa cha Funen, Kay ni mtoto wa mjini Copenhagen. Hilo jina huku ni kama Juma kule kwetu, wanalo watu kila mtaa. Na aliyekosana na Carl ni Poulsen.

#11 Mtu wa Jukwaa

Nimesoma hapo #8 nikashindwa kunyamaza.

Nachora mandhari ya tamthilia hapa Dar. Kuna mwaka tuliandaa mchezo wa mji wa kale wa pwani. Nilishona vipande vya marekani kuwa pazia moja la nyuma, nikalipaka gundi na chokaa kwanza lisinywe rangi, nikachora nyumba za mawe, barabara zinazojikunja, milango ya kuchongwa, na anga la magharibi jua linazama. Mtu akisimama karibu anaona madoa tu. Ukikaa safu ya nyuma taa ikiwa ya rangi ya chungwa, unauona mji. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: unachora kwa jicho la mtu aliyekaa mbali, na unachora ukijua taa itakula rangi gani.

Mchezo ulikwenda vizuri. Wiki kadhaa baadaye nikaenda kuchukua pazia langu. Wenye ukumbi walikuwa wamelikata vipande, vinafunika viti vya plastiki visiingie vumbi. Kipande chenye jua kilikuwa kimefungia ndoo.

Kwa hiyo mtu akiniambia Nielsen alikosa akili kwenda kwenye jukwaa, namuuliza: umewahi kuona pazia linafunguka, watu mia nne wanavuta pumzi kwa pamoja kwa sababu ya kitu ulichokichora? Kitabu hakikupi hicho. Mimi narudi kila mwaka na najua mwisho wake.

#12 MzeeWaBurashi

Pole sana mkuu. Lakini naomba uone kwamba umenisaidia mimi. Kazi yako iko wapi leo? Kwenye ndoo. Vitabu vya Nielsen vya 1914 vipo, watu wanavishika.

#13 Nyota ya Mrima

Wanangu, vitabu navyo vina ndoo yake.

Mnasema habari ya Alfu Lela u Lela mnapita. Sie tuliokulia Unguja hizo hadithi tumelala nazo, za kusimuliwa na bibi na za kusoma shule kwa Kiswahili. Nielsen naye alizichora. Katika miaka hiyohiyo ya jukwaani alikuwa anatengeneza michoro ya tafsiri mpya ya Kidenmark, ya Arthur Christensen, mwanachuoni wa lugha za Mashariki. Ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Rangi za maji, wino, na dhahabu. Kitabu hakikutoka. Michoro ikakaa. Ndiyo hiyo aliyoachiwa rafiki, ndiyo hiyo makumbusho yaliikataa. Watu waliiona kwa mara ya kwanza kitabuni mwaka 1977, mwenyewe ana miaka ishirini kaburini.

Mimi nimeitazama ile michoro sana. Kinachonigusa ni kwamba huyu bwana wa nchi ya theluji hakuchora Baghdad ya kweli, maana hakuijua. Amechukua michoro midogo ya Kiajemi, akatandaza sakafu zenye nakshi zinazosimama wima kama ukuta, mabusati, vilemba vikubwa kama maboga, nyuso nyeupe za mwezi. Mwana wa mfalme anaonekana amechoka na dunia. Lakini ukimya wa usiku uliomo ndani ya zile hadithi, ule wa Shahrazadi anayesimulia asife, ameupata. Dulac alizichora nzuri, laini, za buluu ya jioni. Za Nielsen zina hofu.

Basi Mzee, kama angekaa na vitabu kazi yake ingesalimika? Hicho nacho si kitabu?

#14 kibatari

Bibi Nyota umepiga penyewe. Na si kwamba tafsiri ilikosa msomaji. Kilichokosekana ni mchapishaji mwenye ubavu wa kuchapa dhahabu ile baada ya vita. Tunarudi kwa Chapisho #4.

Lakini hatujafika kwa mtuhumiwa mwenyewe. Disney. Kampuni ilimchukua, ikamnyonya mawazo, ikamfukuza kwa sababu ya mgomo wa 1941. Ndiyo chanzo cha umaskini wake.

#15 Binti Pangani

Twende taratibu hapo, usituchanganye.

Nielsen alikwenda California 1936 kwa jambo la jukwaa, si la filamu. Poulsen alikuwa anaongoza tamthilia ya Everyman kwenye uwanja wa wazi wa Hollywood Bowl, na Nielsen ndiye msanifu wake. Akabaki. Alikuwa Disney kuanzia 1937 mpaka 1941. Mgomo ulianza Mei 1941 na kwa kiasi kikubwa uliwahusu wachora katuni, watu wa mishahara ya chini na masaa marefu. Kusema alifukuzwa kwa ajili ya mgomo ni kuunganisha vitu kwa kuwa vimetokea mwaka mmoja.

Tazama hesabu za kampuni badala yake. Fantasia ilizinduliwa New York tarehe 13 Novemba 1940. Ilikuwa ghali kutengeneza, na kuionyesha ilitaka mitambo maalum ya sauti ambayo kumbi nyingi hazikuwa nayo. Ulaya ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo nusu ya soko hakuna. Studio ikabaki na madeni na ikabana matumizi. Mchoraji wa kubuni mandhari, anayefanya kazi polepole na kwa mapambo mengi, ni wa kwanza kuonekana anasa.

Na tusiseme alinyonywa tu. Sehemu ya mwisho ya filamu ile, mlima wa mashetani unaoingia kwenye Ave Maria, ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa kawaida leo anaweza kuona michoro ya Nielsen ikitembea.

#16 Mtu wa Jukwaa

Hiyo Ave Maria naomba nisimame hapo kidogo.

Mkiwa nayo itazameni tena. Shetani amerudi nyuma kwa kengele za alfajiri. Kisha mstari mrefu wa watu wenye taa ndogo wanapita darajani, ukungu, taa zinaakisi majini. Halafu wanaingia msituni na miti inakuwa nguzo, matawi yanakutana juu kama dari la kanisa kubwa. Kamera inapita katikati, mti wa karibu unapita haraka, wa mbali unajikokota. Walipanga michoro kwenye vioo, tabaka nyuma ya tabaka, kamera ikasogea kidogo kidogo. Hiyo ni mbinu ya jukwaani kabisa: pazia la mbele, pazia la kati, pazia la nyuma.

Kupigwa picha kwake ilikuwa taabu. Mara ya kwanza lenzi haikuwa sahihi. Mara ya pili tetemeko la ardhi likatikisa mitambo katikati ya kazi, wakaanza upya. Kipande kilifika New York saa chache tu kabla ya uzinduzi.

Kwa hiyo Mzee, jukwaa lilimfuata mpaka kwenye filamu, na hapo halikutupwa stoo.

#17 Dogo Tandika

Huyo shetani aliniweka macho utotoni, tulikuwa na kanda ya video ya mjomba. Nilikuwa naifunga akitokea. Kumbe dawa ilikuwa kuvumilia mpaka mwisho!

#18 Mama Watano

Habari zenu. Naona wote mnatafuta mtu wa kulaumiwa, mimi nawaleta kwenye miaka yake ya mwisho, maana huko hakuna aliyegusa.

Baada ya Disney alirudi Denmark kwa muda, hakupata kazi, akarudi California. Hapo ndipo akaanza kuchora kuta. Msimamizi wa maktaba za shule za Los Angeles, Jasmine Britton, alimpatia ukuta wa maktaba ya Central Junior High School. Akachora The First Spring, picha kubwa ya kuumbwa kwa majira ya machipuo: wanyama, miti, watoto, nuru. Arthur Millier, aliyekuwa anaandika habari za sanaa kwenye Los Angeles Times, aliisifu kuwa miongoni mwa michoro mizuri kabisa ya ukutani Marekani yote.

Halafu jengo likageuzwa kuwa ofisi za elimu. Mchoro ukatolewa ukutani, ukaharibika. Nielsen mwenyewe, mzee sasa, akaukarabati ukapandishwa upya shule nyingine, Sutter, huko Canoga Park. Alichora pia kwenye kanisa la First Congregational, Zaburi ya 23, Bwana ndiye mchungaji wangu. Na chuo cha Whitman kule Walla Walla.

Mkewe Ulla Pless-Schmidt walioana 1926, akakaa naye katika hayo yote. Binti aliyetoka familia ya uwezo. Mnapouliza kwa nini alikufa maskini mkumbuke kuna mtu alikuwa anahesabu hizo senti za soko pamoja naye, na hakuondoka.

#19 Ukuta Mweupe

Mama Watano, hiyo ya shule imenigusa sana.

Nachora kuta za shule za msingi, Tanga na Lushoto zaidi. Mwili wa binadamu, ramani, herufi, na nikipata mwalimu mkuu mwelewa nachora hadithi: sungura na fisi, Abunuwasi na punda wake. Unafanya kazi likizo, watoto wakirudi wanapiga kelele. Kuna shule moja nilichora veranda nzima. Akaja mwalimu mkuu mwingine, akaona rangi zinachafua macho, akapiga chokaa. Hakuniita hata nikapiga picha.

Lakini nilikutana na kijana mmoja stendi, akaniambia yeye ni fundi wa mabango na alijifunza kuchora mkono wa mtu kwa kunakili fisi wangu pale verandani. Kwa hiyo mnaposema Nielsen alishuka kutoka vitabu vya dhahabu mpaka kuta za shule, mimi neno alishuka silikubali. Maktaba ya shule inapitiwa na mamia ya watoto kila mwaka. Kitabu chake chenye sahihi kilikuwa nakala 500, kinakaa kabatini kwa tajiri.

#20 Chapisho Kamili

Ukuta Mweupe sawa, lakini mamia ya watoto hawalipi kodi ya nyumba.

Nataka nimlinganishe na Dulac maana ndiye mwenzake wa karibu. Naye mgeni London, Mfaransa wa Toulouse. Soko la vitabu vya zawadi lilipokauka, Dulac hakungoja. Alichora katuni za watu mashuhuri gazetini, akasanifu mandhari na maleba ya tamthilia, akaingia kwenye stempu za posta. Stempu ya kutawazwa kwa mfalme George VI ya 1937 ni ya Dulac. Vita ya pili ilipokuja akasanifu stempu na noti za Wafaransa huru wa de Gaulle. Serikali inalipa polepole lakini inalipa. Akafariki 1953 ana kazi mezani.

Nielsen alikuwa na mtindo mmoja mkubwa na hakukubali kuupunguza uingie kwenye stempu. Hilo ni chaguo.

#21 Binti Pangani

Chapisho, Dulac alikaa mji mmoja na alipata uraia wa Uingereza mapema, 1912. Alijulikana na watu wa posta, wa magazeti, wa tamthilia. Nielsen alianza upya mara nne: Paris, London, Copenhagen, Los Angeles. Usilinganishe mti uliokaa na mti unaohamishwa kila mara.

#22 Mswahili wa Jutland

Binti amenikumbusha jambo, na kwangu mimi ni zito kuliko vita na Disney.

Johannes Poulsen alifariki 1938. Aladdin ni Poulsen. Scaramouche ni Poulsen. Hollywood Bowl ni Poulsen. Kwa karibu miaka ishirini Nielsen hakuwa anatafuta kazi ya jukwaa, Poulsen ndiye anaitafuta, anawashawishi wakubwa wa ukumbi, anagombana na watunzi wa muziki, halafu anakuja kumwambia Nielsen chora. Watu wa aina ya Nielsen hawana mdomo wa kuuza kazi. Mdomo wake ulizikwa Copenhagen yeye akiwa California, na Denmark ikavamiwa na Wajerumani Aprili 1940. Aliporudi baadaye hakukuta mtu wa kumfungulia mlango.

#23 MzeeWaBurashi

Jutland, hiyo ni nzito kweli, sikuwa nimeiweka kwenye mizani. Lakini bado hamjanijibu kuhusu makumbusho. Mtu amekufa, hakuna ujira wa kumlipa, hakuna vita, hakuna Poulsen anayehitajika. Michoro ya dhahabu iko mezani, bure. Kwa nini makumbusho ya nchi yake yaseme hapana?

#24 kibatari

Kwa sababu kwao hiyo ilikuwa picha ya kitabu cha watoto, haikuhesabiwa sanaa. Miaka ya hamsini makumbusho yalitaka turubai kubwa zenye rangi iliyomwagwa. Mchora vitabu na msanifu wa jukwaa walionekana mafundi, watu wa kutumwa. Na Nielsen alikuwa vyote viwili. Ndiyo hoja yangu ya #6, naikazia.

#25 Nyota ya Mrima

Kama ni fasheni tu, basi mbona 1977 ilipotoka watu waliigombania? Miaka ishirini tu. Macho ya watu hayakuwa yamebadilika kiasi hicho, kuna mtu alikubali kuichapa ndiyo ikaonekana. Yule rafiki, Frederick Monhoff, msanifu majengo, na mkewe Hildegarde Flanner, mshairi, ndio walioitunza muda wote huo nyumbani kwao. Wasingekuwa wao, tungekuwa tunajadili pazia la Mtu wa Jukwaa.

#26 Dogo Tandika

Swali la pembeni wakuu. Nilisikia yumo pia kwenye Nguva Mdogo ya Disney. Si mmesema alikufa 1957? Ile ni ya 1989.

#27 Binti Pangani

Yumo, na safari hii Dogo umeuliza vizuri. Wakati yuko pale studio walikuwa wanafikiria filamu ya hadithi za Andersen, yule mwandishi wa ngano wa Denmark, na Nielsen alikuwa ameshamchora Andersen kwenye kitabu cha 1924. Akatengeneza michoro ya nguva, meli na dhoruba. Filamu haikufanyika. Waliokuja kuitengeneza ile ya 1989 waliitoa michoro ile kwenye hifadhi, wakaitumia, na wakaandika jina lake kwenye orodha ya watenda kazi.

#28 Chapisho Kamili

Na hapo mtu anauliza nani alilipwa.

#29 Mtu wa Jukwaa

Bibi Nyota, pazia langu umelisema vibaya lakini nimekubali. Kuna mwingine napenda tumweke kando ya Nielsen, kwa kuwa naye alikuwa wa vitabu na jukwaa na alihama sana: Ivan Bilibin wa Urusi. Vitabu vya ngano za Kirusi kuanzia 1901, mandhari ya opera ya Jogoo wa Dhahabu 1909. Mapinduzi yalipokuja akakimbilia Misri 1920, akakaa Cairo na Alexandria miaka mitano akiwachorea Wagiriki wenye mali picha za mtindo wa Bizanti, kisha Paris. 1936 akaamua kurudi kwao. Akafa kwa njaa Leningrad ikiwa imezingirwa, Februari 1942.

Yeye nchi yake ilimpokea, ikampa na kazi ya kufundisha. Bado alikufa njaa.

#30 MzeeWaBurashi

Huyo Bilibin anastahili uzi wake, Mtu wa Jukwaa ufungue wewe. Niliyemleta mimi ni Nielsen na sijabanduka: mandhari ya Aladdin yako wapi leo? Anayejua kama Copenhagen walihifadhi hata mchoro mmoja wa maleba, Jutland hasa, aseme hapa.

#31 Mswahili wa Jutland

Ukumbi una hifadhi yake ya michoro. Nikipata siku ya kazi iliyo tulivu nitakwenda kuuliza, na nikiruhusiwa kupiga picha nitaweka humu. Ila Mzee, nikikuta ipo, ujue hoja yako ya kwanza imekufa.